Anatembea Vibaya

Bi Ghania alikuwa na watoto watano wa kuzaa na mmoja wa jicho, na huyo wa jicho ndiye aliyemletea maneno nyumbani.

Wale wa kuzaa walikwisha kukua na kutawanyika, isipokuwa Amna, kitinda mimba, aliyekaa naye Al Barsha, Dubai. Mtoto wa jicho naye alikaa, akanenepa mwaka hadi mwaka, akashika macho yote mawili, mpaka ilipofika 2016 Bi Ghania hakuona tena uso wa mtu. Aliona kivuli kimekaa, kivuli kimesimama, kivuli kinapeleka kijiko mdomoni. Daktari alisema ni kazi ndogo: unatolewa ukungu, unawekewa kioo, unarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Amna alikuwa amemkariria mama yake maneno hayo mpaka ulimi ukamchoka.

"Watoto wangu wote nimewalea mwenyewe," Bi Ghania alikuwa akijibu. "Na huyu wa jicho nitamlea."

Watu wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo, na hapo ndipo alipotaka yaishie. Kwa sababu ukweli ni kwamba aliogopa. Mwanamke aliyezaa watano bila jirani kusikia sauti yake aliogopa kisu kisichozidi ukucha wa kidole. Utotoni Unguja alimjua mama mmoja wa mtaani kwao aliyeingia hospitali akiona kidogo, akatoka haoni kabisa, na Bi Ghania hajasahau jinsi yule mama alivyokuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ukungu ni ukungu, lakini si giza. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa, kila Ijumaa ya msimu wa mbio za farasi, baada ya sala na baada ya pilau, alikuwa akija Mzee Thuwein kutoka Al Nahda. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na gazeti lililokunjwa kwapani. Wakiongozana na Amna walikwenda uwanja wa Jebel Ali, ambao kwa gari si mbali na nyumba, na huko shemeji wawili hawa walishindana kuchagua washindi. Hapakuwa na dirhamu wala nusu dirhamu. Kamari ni haramu kwa dini na marufuku kwa serikali, na isitoshe wao hawakuihitaji. Raha ya kumwambia mwenzako "Nilikwambia!" na kuirudia wiki nzima kwenye simu iliwatosha.

Kila mmoja alikuwa na elimu yake. Mzee Thuwein alisoma. Alijua baba wa farasi na mama wa farasi na bibi mzaa mama wa farasi. Alijua nasaba zao kuliko za wajukuu wake. Bi Ghania hakusoma kitu. Baba yake alikuwa na gari la punda kule Unguja, akibeba nazi na mbata, na alimfundisha binti yake jambo moja: mnyama humjui kwa kukimbia, unamjua kwa kutembea. Akikimbia anaogopa fimbo, akitembea anasema kweli.

"Hiyo ni elimu ya punda, shemegi," Mzee Thuwein alikuwa akimtania.

"Na punda wangu wanakushinda," alikuwa akijibu, na mara nyingi ilikuwa kweli, mpaka macho yalipomwacha mkono. Msimu ule Amna ndiye aliyemwelezea farasi, nusu nusu, huku anajibu simu za kazini, na Bi Ghania akashindwa Ijumaa baada ya Ijumaa.

Ijumaa moja ya Februari, pilau bado kwenye sahani, Mzee Thuwein akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "Shemegi, tuache mashindano. Nikikushinda sasa naona kama namnyang'anya mtoto peremende."

Bi Ghania akaweka kijiko chini. "Farasi hachaguliwi kwa macho. Anachaguliwa kwa akili. Mimi nikipata mtu wa kunambia kweli anachokiona, nakushinda hata nikiwa nimefunikwa blanketi."

Amna alikuwa akingoja maneno kama hayo kwa miezi. "Basi tuwekeane, Mama. Ukimshinda ami Thuwein leo, neno hospitali halitoki tena kinywani mwangu, mpaka uniombe mwenyewe. Akikushinda, Jumapili tunakwenda, na linafanywa jicho la kwanza."

"Hiyo si kamari?"

"Kamari ni mali. Hapa pana jicho tu."

Mzee Thuwein akakohoa, maana hakupenda kutumiwa kama fimbo. Bi Ghania akalipima neno hilo. Angekataa, angekuwa amekiri mbele ya shemeji yake kwamba hana uwezo tena. Angekubali, basi kisu kile kilikuwa mbele yake kwa umbali wa mbio sita. "Taib," akasema. "Lakini leo wewe hunielezei farasi. Mwenye kesi hawi shahidi. Atanielezea Teresiah."

Kutoka jikoni sahani ikagonga sinki. "Mimi, Bibi?"

Teresiah alikuwa Mkenya wa Murang'a, aliyekuja kumsaidia Bi Ghania miezi mitano nyuma, wakati ukungu umeshakuwa pazia. Siku ya kwanza alimwita madam, akakatazwa. "Madam ni Amna, ndiye anayelipa umeme. Mimi niite Bibi." Uso wake Bi Ghania hakuwahi kuuona. Alimjua kwa sauti, iliyokuwa nyembamba na ya juu, na kwa mguu wake, uliokwenda haraka haraka kwenye vigae, na kwa hayo mawili alikuwa ameshamchora: msichana mrefu, mwembamba, shingo ndefu. Teresiah aliongea naye Kiswahili cha shule, cha kupimapima, kwa sababu wiki ya kwanza tu Bi Ghania alikuwa amemsahihisha mpaka akaogopa kuomba chumvi. Lakini siku nyingine kilimponyoka. Adhuhuri ile ile, alipoonja pilau, alikuwa amesema, "Bibi, hii pilau imeweza!"

"Imeweza nini?" Bi Ghania aliuliza.

"Imeweza tu, Bibi."

Bi Ghania alitikisa kichwa. Pilau ina kazi moja, kuliwa, na hiyo haihitaji uwezo.

Huko Jebel Ali upepo ulikuwa wa baridi tamu, ule wa kumfanya mtu wa Dubai avae sweta na kujisikia Ulaya. Familia zilitandika mikeka kwenye majani, watoto wakanunuliwa bisi. Amna alimkalisha mama yake kwenye kiti cha kukunja karibu kabisa na uzio wa duara, pale farasi wanapozungushwa taratibu kabla ya kila mbio ili watu wawatazame. Teresiah alisimama ubavuni mwake. Mzee Thuwein alikaa upande wa pili na gazeti lake, na Amna akawa mwamuzi: kila mmoja amnong'oneze chaguo lake kabla farasi hawajatoka duarani.

"Sikiliza," Bi Ghania alimwambia Teresiah. "Kazi yako kuona, kazi yangu kuchagua. Usinishauri, usinihurumie, usiniulize kwa nini. Unachokiona, sema."

"Sawa, Bibi. Lakini mimi farasi sijui. Kwetu tulikuwa na ng'ombe."

"Ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Nne."

"Basi unajua. Anza."

Teresiah akavuta pumzi. "Wa kwanza ni mweusi. Amenona. Tumbo lake ni kama la ng'ombe anayekaribia kuzaa."

"Mwache. Tumbo halipandi kilima." Kwa maana uwanja ule una jambo lake: mwisho wa mbio ardhi inapanda, na farasi wengi walioongoza toka mwanzo hukata pumzi wakiwa wanauona ushindi.

"Wa pili ni rangi ya chai ya maziwa. Anarusharusha kichwa. Ana povu shingoni."

"Huyo keshakimbia mbio zake hapa hapa. Mwengine."

"Wa tatu... huyo hana makosa, Bibi, lakini anaangalia watu sana. Wa nne amefungwa bandeji. Wa tano anatembea polepole. Mguu wa nyuma unaenda unapita pale wa mbele ulikanyaga."

Bi Ghania akainua kichwa. "Unapita kwa kiasi gani?"

"Kama upana wa sahani."

"Sahani ya chai au ya pilau?"

"Ya pilau."

"Mchukue huyo," akamnong'oneza Amna. Yule wa sahani ya pilau akapanda kilima kama vile kilima hakipo, akawaacha wote nyuma. Mzee Thuwein alilikunja gazeti na kulikunjua tena, akatafuta ndani yake mtu wa kumlaumu.

Hapo Bi Ghania akajua kwamba amepata macho. Huyu msichana hakuwa kama Amna, wa "mzuri mzuri tu, Mama, wa kahawia." Huyu alitazama. Alisema nani kasinzia, nani anaburuza kwato, nani masikio yake yamelala kama mbuzi aliyenyeshewa. Mbio za pili alishinda Mzee Thuwein, kwa farasi ambaye babu yake, alieleza kwa kirefu na bila kuulizwa, alikuwa bingwa wa kupanda. Mbio za tatu hakushinda yeyote kati yao, akashinda farasi mmoja ambaye gazeti lilimtaja kwa mstari mmoja na Teresiah alikuwa amemwona anapiga mwayo. Mbio za nne Bi Ghania alichagua farasi jike mdogo, kwa sababu Teresiah alisema miguu yake haina kelele, na jike yule akashinda kwa urefu wa pua.

Teresiah aliruka, akamkumbatia Bi Ghania na kiti chake. "Aki ya nani, Bibi! Tumewaweza!"

"Tumewaweza nini?"

"Tumewashinda!"

"Ndiyo useme hivyo," Bi Ghania alisema, ila alikuwa anacheka. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Aliona, kwa macho yake ya ndani ambayo hayana mtoto, miaka mingi ijayo ya Ijumaa kama hizi, yeye na kiti chake na msichana wake mrefu, na hakuna mtu wa kumtajia hospitali. Amna kando yake hakucheka. Mama yake alimsikia akipekua mkoba bila kutoa kitu.

Mbio za tano chaguo la Bi Ghania liliongoza mpaka mguuni mwa kilima, halafu likakumbuka kwamba lina pumzi za kawaida. Alishinda farasi wa Mzee Thuwein. Mbili kwa mbili, na mbio moja imebaki.

"Shemegi," alisema Mzee Thuwein, "ukitaka tusimame hapa, tusimame. Sare ni heshima pia."

"Umeogopa?"

"Mimi? Mimi jicho langu zima."

"Basi kaa utazame."

Farasi wa mbio za mwisho wakaanza kuingia duarani. Karibu na alipokaa Bi Ghania palikuwa na kipande cha njia kilichotandikwa matofali, na kila farasi alipokipita kwato zake zilisikika. Alikuwa amezisikiliza mchana kutwa. Huyu anagonga, huyu anaparuza, huyu mmoja wa nyuma anachelewa. Teresiah alikuwa akieleza, lakini si kwa kupimapima tena. Alikuwa amepandwa na mori, maneno yalimtoka kama maji ya mfereji uliofunguliwa. "Namba moja ako sawa tu, si wa kuringa. Mbili amekasirika na dunia nzima. Tatu, zii, huyo alale nyumbani."

Ndipo Bi Ghania akasikia mwendo. Kwato nne juu ya matofali, hazigongi, haziparuzi, zimepishana sawasawa kama mikono ya mwanamke mmoja anayepiga ngoma peke yake. Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Mara ya mwisho kusikia mwendo ule, baba yake alikuwa hai.

"Nani huyo?" akamshika Teresiah mkono. "Huyu anayepita sasa hivi!"

"Namba nne, Bibi. Anaitwa Rih Hatta. Rangi ya majivu." Sauti ya Teresiah ikapanda ikawa ya mtoto. "Woi, Bibi! Huyu anatembea vibaya!"

Bi Ghania akamgeukia. "Vibaya?"

"Vibaya sana! Sijaona mwingine kama huyu!"

"Hata miguu ya nyuma?"

"Hasa ya nyuma, Bibi! Aki anatembea vibaya mpaka nasikia huruma."

Huruma! Bi Ghania akaachia mkono wake polepole. Basi masikio nayo yameanza kumdanganya. Yamesikia yalichotaka kusikia, kama mzee anayesikia jina lake kila akiitwa mtu. Maskini farasi, labda ana msumari kwatoni, na wenyewe wamemleta hivyo hivyo. Akauliza habari za waliobaki, akaambiwa kwamba namba saba anatembea "sawa sawa, hana shida," miguu ya nyuma inapita ya mbele kwa sahani ya chai. Akamwita Amna akamnong'oneza saba.

Teresiah alisikia. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema kitu, akakumbuka masharti, akameza. Bi Ghania aliisikia pumzi ile na hakuielewa.

"Saba ametoka vizuri!" Teresiah alipaza sauti mbio zilipoanza. "Saba wa pili. Saba anaongoza, Bibi!"

"Nne yuko wapi?"

"Nyuma. Wa mwisho mwisho."

Bi Ghania akatabasamu, akamwombea kilema yule afike salama. Halafu wakafika kwenye kilima, na watu wote uwanjani wakasimama, na Teresiah akaacha kusema maneno akaanza kupiga kelele tu. Ardhi ilitetemeka chini ya kiti. Ndani ya mvumo ule Bi Ghania alisikia, au alihisi, ile ngoma ya mwanamke mmoja ikipita zote. Kipaza sauti kikalitaja jina kwa Kiarabu mara mbili. Rih Hatta.

Mzee Thuwein hakusema "Nilikwambia!" Alikaa. "Nilimchagua kwa sababu ya mama yake," alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

"Yule kilema?" Bi Ghania aliuliza.

"Kilema gani?" Amna akasema.

"Nne! Teresiah kanambia anatembea vibaya. Kanambia mpaka anamwonea huruma!"

Ikaja sauti ndogo ya Teresiah: "Bibi... nilimaanisha vibaya. Vibaya ile ya uzuri."

"Vibaya ya uzuri?"

"Ile ya kuzidi! Kitu ikiwa nzuri mpaka inakuzidi. Kwetu tunasema, anaimba vibaya, anapika vibaya. Huruma nilikuwa nawahurumia hao wengine!" Akaanza kulia. "Nilishangaa umesema saba. Nikasema, Bibi ana siri yake, ameniambia nisiulize."

Amna alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Mzee Thuwein alijaribu kujizuia kwa heshima ya umri wake, akashindwa, gazeti likaanguka. "Wallahi shemegi, wamekufunga kwa kielezi! Farasi hana kosa, mpandaji hana kosa, kosa la Kiswahili!"

"Hicho si Kiswahili," alisema Bi Ghania. "Hiyo ni vita."

Mzee Thuwein akafuta macho, akajikohoza. Alikuwa mtu wa haki, hilo lazima lisemwe, hata kama alikuwa hasahau farasi aliyeshinda naye miaka kumi nyuma. "Sikiliza. Hapa neno limetuchezea. Shemegi alimsikia yule farasi kabla yetu sote, nimemwona alivyoshtuka. Tuhesabu sare. Masharti yamekufa."

Bi Ghania akasikia Amna ameacha kucheka. Hakusema kitu, binti yake, hakubisha wala hakulalamika. Alinyamaza tu, na ndani ya kimya kile mama yake alisikia miezi yote ya kushikwa mkono ngazini, na kikombe cha chai kilichosogezwa mbali na ukingo wa meza bila maneno.

Mlango ulikuwa wazi. Angesema "sare" na mambo yangekwisha. Lakini palikuwa na kitu kilichomzuia, na si kushindwa. Alishashindwa mara nyingi maishani na hakuna hata mara moja iliyomnyima usingizi. Alimgeukia Teresiah pale ilipotokea sauti ya kamasi. "Wacha kulia. Nambie tena. Kwa Kiswahili cha watu. Alikuwa anatembeaje?"

Teresiah akafikiri. Alijipangusa. "Kama mtu ametoka kuambiwa habari njema, Bibi, na bado hajamwambia mtu yeyote."

Bi Ghania alikaa na maneno hayo. Farasi wa namna ile alikuwa amepita mbele yake umbali wa mkono mmoja. Angenyoosha kidole angemgusa. Baba yake angetembea kutoka shamba mpaka mjini kwa miguu ili amwone mnyama kama yule anazunguka mara moja, na yeye alikuwa amekaa hapa, kiti cha mbele, akamhurumia.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa hapa hapa na sikumwona." Na machozi yakamtoka, na hakujali nani anayaona.

Akajifuta kwa ncha ya mtandio na kukaa sawa. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na macho ya kuazima ni hivyo hivyo, hata kama mwenyewe ni mwema. Nimeshindwa, Thuwein, usinipake mafuta. Amna, Jumapili saa ngapi?"

Jumapili aliogopa vile vile. Nisikudanganye kwamba farasi alimtoa woga. Kwenye kiti cha magurudumu alisoma kila dua aliyoijua na mbili ambazo hakuwa na hakika nazo, akamwuliza muuguzi wa Kihindi kama ana watoto, ili amzoee. Teresiah aliruhusiwa kufika naye mpaka mlangoni. "Bibi, utakuwa sawa," alimwambia.

"Sawa yenu au sawa yetu?"

"Zote mbili, Bibi."

Mzee Thuwein alikaa ukumbini na gazeti akiwa amelishika juu chini. Amna alimwona, akamwachia. Na ilikuwa kama daktari alivyosema: kazi ndogo. Walirudi nyumbani kula, jicho moja limezibwa kwa kipande cha plastiki, na Bi Ghania akalalamika kuhusu pilau, jambo lililowatuliza wote.

Kesho yake walirudi kufunguliwa. Chumba kilikuwa kidogo na cheupe. Daktari akabandua ile plastiki polepole, akasafisha, akasema, "Yalla, Mama, fumbua."

Akafumbua. Kwanza ulikuja mwanga, mwingi, wa kuumiza. Halafu ukajikusanya, ukawa dirisha. Mwanga mwengine ukawa Amna, aliyezeeka kidogo, ana mvi mbili ambazo hakumwambia mtu, anauma mdomo kama alivyokuwa akiuma akingoja matokeo ya mtihani. Bi Ghania alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamshika shavu.

"Unaona, Mama?"

"Naona hujala vizuri."

Amna akacheka na kulia pamoja. Nyuma yake, karibu na mlango, alisimama mtu ambaye Bi Ghania hakuwahi kumwona: mfupi, mnene wa kustarehesha, mashavu ya duara, pengo dogo kwenye meno ya mbele, ameshika mkoba wa Bi Ghania kwa mikono miwili. Msichana mrefu mwembamba mwenye shingo ndefu hakuwapo popote mle chumbani. Bi Ghania akamtafuta kidogo, kwa adabu, halafu akamwacha aende zake.

"Teresiah?"

"Ndio, Bibi." Sauti ilikuwa ile ile.

Bi Ghania akaegemea kiti, akainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye uzio wa duara, kabla ya ukungu. "Weka mkoba. Hebu tembea mpaka dirishani, urudi."

"Bibi?"

"Nimekwambia usiniulize kwa nini."

Teresiah akaweka mkoba. Akatembea mpaka dirishani, ule mguu wa haraka haraka, kiatu kimoja kikilia kidogo, akageuka, akarudi, mikono haijui pa kukaa. Daktari alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama. Bi Ghania alimfuata kwa jicho lake jipya kutoka mwanzo hadi mwisho, miguu, magoti, mabega, mpaka usoni, na usoni akakaa.

"Anatembea vibaya," akamwambia Amna.

Teresiah akajifunika mdomo. "Vibaya ipi, Bibi?"

"Ya kwenu," alisema Bi Ghania.